Nyumba ya Koko

Tulitoka Kitengela kwenda Kajiado kumzuru koko mmoja wa Kimaasai. Mwanawe alikuwa amemjengea nyumba ya mawe, yenye mabati na madirisha ya vioo. Lakini yeye alilala katika enkaji yake, aliyoijenga mwenyewe kama wajengavyo wanawake wa Kimaasai tangu kale: fito zilizosukwa, zikakandikwa samadi ya ng'ombe. Ndama hulala karibu na mlango, moto u katikati, na kando yake vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi.

Tulimsihi ahame, maana moshi humdhuru macho. (Wachungaji hatukosi ushauri.) Akajibu, “Pasta, kule nikikohoa usiku, nani atanisikia?”

Tukanyamaza. Tulimkumbuka yule mwanamke wa Shunemu, aliyemwandalia Elisha chumba cha juu: kitanda, meza, kiti na taa. Alijua mgeni wake ahitaji nini.

Tukamwuliza mwanawe, “Je, ulimwuliza mama kabla ya kujenga?” Akainama. Jumamosi ile koko aliingia nyumba ya mawe, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa moto, na mahali pa kitanda cha mjukuu.