Wahitimu, Kumbukumbu za Watu ni Amana



Wahitimu wetu wa sayansi ya kompyuta, wengi wenu mtajenga sehemu ya programu ambayo mtumiaji haioni kamwe: huduma inayokumbuka nani amelipa, na mgonjwa yupi hapatani na dawa ipi. Mnakabidhiwa amana. Nina mausia manne.

Kwanza, huduma isiseme imehifadhi kabla haijahifadhi. Hifadhidata ya Redis, aliyoianzisha Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, ina kasi kwa sababu huweka data kwenye RAM. Umeme ukikatika, kilichomo humo hupotea. Ndiyo maana ina njia ya kuandika mabadiliko kwenye diski pia. Mkiipanga iandike diskini kila sekunde, jueni kwamba taarifa za sekunde ya mwisho zinaweza kupotea. Kwa hesabu ya waliotazama video, si neno. Kwa pesa za mtu, ni neno kubwa.

Pili, ombi likirudiwa lisitekelezwe mara mbili. Mama muuza dagaa akilipa, mtandao ukapotea kabla ya jibu, atabonyeza tena. Ombi liwe na namba yake ya pekee, na anaporudia litumwe likiwa na namba ileile, ili seva itambue kuwa malipo ni yaleyale.

Tatu, kila mtu afikie chake tu. Seva yenyewe ikague ruhusa kwa kila ombi. Kuficha kitufe kwenye skrini si ulinzi.

Nne, huduma ijue kufuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zilizopatikana isivyo halali zifutwe. Basi tangu siku ya kwanza jueni kila mahali taarifa zilikonakiliwa, hata kwenye nakala za akiba. Na nakala hizo, jaribuni kuzirejesha mara kwa mara, msingoje siku ya maafa.

Mtaharakishwa. Mtaambiwa kikaoni kwamba wateja wanasubiri, haya yatarekebishwa baadaye. Hapo ndipo mseme, kwa adabu na kwa uthabiti, kwamba bado. Anayeumia taarifa zikipotea ni mtu asiyewajua, asiye na njia ya kuthibitisha kwamba alilipa. Msemeeni, kwa kuwa yeye hayumo kwenye kikao hicho.

Nendeni mkajenge kwa uaminifu. Mungu awabariki.