Daraja la Nyasi la Q'eswachaka na Maana ya Kuhifadhi



Nilipotakiwa niseme habari za madaraja ya kale ya shamba na hifadhi yake, fikira zangu hazikutua juu ya mawe wala vyuma, bali zilisafiri hata Peru, katika jimbo la Canas upande wa Cusco, ambako juu ya mto Apurímac, mahali palipoinuka zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, limetundikwa daraja la urefu wa mita 28 hivi lililosukwa kwa nyasi. Wenyewe huliita Q'eswachaka, na chaka kwa Kiquechua ndiyo daraja. Nalo ni baki la zile njia kuu ambazo dola ya Wainka iliunganishia milima yake.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, jumuiya nne za Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue hulifanya upya. Hukata nyasi ngumu ziitwazo q'oya, wakaziloweka, wakaziponda kwa mawe hata zikalainika, kisha wanawake wakaketi kuzisokota viganjani kuwa ugwe mwembamba. Na mtu aliyekulia pwani ya Unguja, akawaona akina mama wakifukua makumbi ufuoni na kuyapiga wapate usumba, angeifahamu kazi ile pasipo mkalimani. Nyugwe nyingi husokotwa pamoja zikawa kamba, na kamba zikasukwa kuwa amari sita zinazokaribia unene wa paja, nne za kukanyagia na mbili za kushikia, ambazo wanaume huzivuta toka ng'ambo hadi ng'ambo mpaka zikakaza, wakazifunga katika viweko vya mawe. Daraja la mwaka uliopita hukatwa, likaachiwa litumbukie mtoni. Ndipo mafundi waitwao chakaruwak huanza kusuka kila mmoja upande wake, hata wakakutana katikati, juu ya maji. Wanawake, kwa ada ya huko, hawalikaribii daraja wakati wa kazi. Nami si wakili wa ada hiyo, ila nasema kwamba daraja lile hutoka mikononi mwao kabla mwanamume hajagusa amari.

Sasa, wahifadhi wa turathi aghalabu huuliza kwanza: kitu hiki, je, ni cha asili yake? Kwa mizani hiyo Q'eswachaka ni maskini, kwani hakuna unyasi wake uliotimiza miaka miwili. UNESCO, ilipoliandika mwaka 2013 katika orodha ya turathi zisizoshikika, haikuziandika kamba, bali maarifa, ustadi na ibada za kulifanya upya, nami naona hapo ilitumia busara. Kwani mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipozuia watu kukusanyika, daraja liliachwa kama lilivyo, na mwezi wa Machi 2021 likakatika. Haukupita muda mrefu, wenyewe walikusanyika mwezi wa Juni, wakalisuka tena.

Mtu atasema kwamba karibu na hapo lipo daraja la chuma, na magari hupita. Ni kweli. Lakini mtepe nao, jahazi letu la kale la mbao za kushonwa, haukuhitajiwa tena na wafanyabiashara wetu, tukauacha. Na hata mwaka 2003, ilipotakiwa uonyeshwe mmoja katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, ilibidi uundwe kwa kufuata vielezo na maandishi, kwa sababu mikono iliyozoea kushona mbao kwa kamba ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye dhamana ya madaraja ya shamba, kokote waliko, ni kwamba kabla hawajapima urefu na kusimika kibao, waulize kijijini ni nani ajuaye kulitengeneza daraja, ana umri gani, na kijana gani huketi kando yake anapofanya kazi.