Namba ya muuzaji isikae mu kichwa cha mtu mmoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa memba, Lubumbashi)



Komite imeniomba niseme namna gani biashara inasaidia vikundi kugawana maarifa. Nitatumia mifano yenu, kwa sababu kazi hii mulianza zamani, mbele ya sisi wa mashirika kuleta semina.

Wengi wenu mulikimbilia Zambia, mukaishi ku kambi za Kala na Mwange. Kurudi kulianza mu 2007, kwa njia ya Pweto na Moba. Watu walisema mumerudi mikono mitupu. Hapana. Mulirudi na Kibemba, na Kingereza kidogo, na kwacha munajua kuihesabu. Munajua tena kwamba kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, Zambia inafunga uvuvi ku ziwa Mweru, na ule asiyejiandaa atakosa samaki. Wale waliobaki huku Lubumbashi wao wanajua barabara, depo, na namna ya kuongea na watu wa duane. Ni soko njo lilikutanisha maarifa hayo mawili.

Angalieni mama anayeuza bunga kwa meka. Bei ya Kasumbalesa anaijua mbele ya buro yetu. Kwa nini? Muuzaji anamuita ku telefone. Anamuita kwa sababu mama huyu analipa deni lake. Habari nzuri inaenda kwa mtu anayeaminika.

Lakini hatari iko. Mu kikundi kimoja cha likelemba, mama mmoja peke yake alikuwa na namba za wauzaji wa Chililabombwe. Alipougua, wenzake walikaa wiki tatu bila mahindi, na feza ya biashara ikaliwa nyumbani.

Najua mutauliza: nikitoa namba, kesho si mutaninyanganya muuzaji? Na yule niliyemuonyesha njia, asipolipa, jina la nani litaharibika? Maswali hayo ni ya haki. Njo maana ninaleta masharti matatu.

Kwanza, kila kikundi kiandike wauzaji wake mu daftari, na watu wawili walijue. Pili, memba mgeni alipe feza mkononi mara tatu, njo aanze kukopa. Ule aliyemuonyesha njia asibebe deni lake. Tatu, tununue pamoja na tugawane bei ya lori, lakini faida ya kila mtu ibaki siri yake.

Tena, COMESA iliweka utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: orodha ya bidhaa na fomu fupi. Aliyeisha kuijaza aonyeshe wenzake ku mpaka, fomu iko mkononi. Itasaidia kupita siku nzima ya kuisikiliza mu sali.

Wafadhili wetu, ombi langu ni hili: sehemu ya feza ya semina ilipe safari za vikundi kutembeleana, Pweto, Kasenga, Kasumbalesa. Mutaona matokeo ku soko.

Daftari iko ku meza ya sekretere. Mbele ya kutoka, kila kikundi kiandike majina ya watu wake wawili.