Tusome Kopo Kabla ya Kumimina
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malaba)



Wengi wetu hapa Malaba na Busia tumekopa katika ushirika wa akiba tukanunua motokaa zilizokwisha kutumika Japani, zitutafutie karo ya watoto. Injini ikifa, deni halifi.

Basi tusome kopo la mafuta. Herufi S ni ya injini ya petroli, C ni ya dizeli kama malori haya yanayopanga foleni mpakani. Katika 20W-50, tarakimu ya mbele yaonyesha mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Ya nyuma ni uzito wake injini ikiwa moto. Mafundi wetu huipenda hiyo 20W-50 kwa injini zote, wakisema nchi yetu ni ya joto. Kwa injini kuukuu huenda ikafaa. Lakini nyingi za Japani za siku hizi zataka 5W-30 au 0W-20. Mafuta mazito huchelewa kufika juu asubuhi, na vyuma husagana vikavu. Kijitabu kikiwa cha Kijapani, tarakimu zasomeka vile vile, na mara nyingi zimepigwa juu ya kifuniko cha kumiminia.

Mafuta ya treni tusiyaguse. Ni ya mashine nyingine kabisa, tena ni mali ya reli.

Na yale ya chupa za maji kando ya barabara? Hayana herufi wala tarakimu. Pengine yalimwagwa jana kutoka lori, yakachujwa kwa kitambaa. Kitambaa hushika takataka. Masizi na asidi hupita.