Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Masomo: Nehemia 2 hadi 6



Kuna swali ambalo viongozi wa kwaya, wa wamama, wa vijana, na wazee wa kanisa wanatuletea mara kwa mara. Wanasema: "Mchungaji, tunaanza kazi tukiwa watu arobaini. Baada ya miezi mitatu tunabaki wanne. Tufanye nini?" Hata wenye kuongoza mashirika, shule na maduka wana swali hilo hilo. Na jibu letu sisi watumishi, mara nyingi, ni kusema kwamba watu wamepoa kiroho. Tunatangaza kufunga na kuomba siku tatu. Kuomba ni kuzuri, hatukatai. Lakini leo tunataka kuuliza kama wakati mwingine waliopoa si watu, bali ni sisi tuliowazimia moto.

Tumwangalie Nehemia. Alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Alilia, akafunga, akaomba. Toka mwezi wa Kisleu mpaka mwezi wa Nisani, ni kama miezi minne, hakutangaza mradi wowote. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Halafu akaondoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Akazunguka ukuta mpaka mahali ambapo kifusi kilimzuia mnyama kupita. Aliona kwa macho yake. Sisi leo tunaitisha mkutano kabla hata ya kutembea kwenye uwanja, tunagawa vyeo, tunachapisha kadi za mwaliko, tunavaa vitambulisho shingoni. Hatujajua bado mawe ni mangapi.

Na aliposimama mbele ya watu (sura ya 2, mstari wa 17) hakuwaambia, "Ninyi mmekaa katika aibu miaka hii yote." Angeweza kusema hivyo, maana yeye alitoka katika nyumba ya mfalme. Alisema juu ya aibu yetu na kujenga kwetu. Mtu aliyefika jana alijihesabu pamoja na walioteseka. Kisha akawasimulia jinsi mkono wa Mungu ulivyokuwa mwema kwake, na yale aliyoambiwa na mfalme. Watu wenyewe ndio waliosema tuanze.

Sasa sura ya 3. Tuseme ukweli: wengi wetu tunaruka sura hiyo. Ni majina tu, fulani mwana wa fulani, na baada yake fulani. Lakini kama unataka kujua namna ya kutengeneza kikundi cha kazi, hapo ndipo pa kukaa.

Kwanza wanatajwa kuhani mkuu Eliashibu na makuhani wenzake. Walijenga Lango la Kondoo. Kuhani mkuu alishika jiwe! Pale kwetu mchungaji akishika koleo, mashemasi wanakimbia kumnyang'anya: "Baba, acha, utachafuka." Na sisi tunaachia haraka sana. Halafu wanatajwa Uzieli aliye mfua dhahabu, na Hanania aliyekuwa fundi wa manukato. Hao si waashi. Mikono yao ilizoea vitu vidogo na harufu nzuri. Hakuna aliyewaambia wangoje mpaka siku kanisa litakapohitaji pete. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu, mkubwa wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, yeye na binti zake. Binti, wapendwa, waliandikwa katika daftari la ujenzi. Mstari wa 14 unamtaja Malkiya mwana wa Rekabu, naye alikuwa mkubwa wa wilaya, akapewa Lango la Jaa, yaani mlango wa takataka. Hatusomi kwamba aliomba lango lingine.

Katika mstari wa 20 yupo Baruku mwana wa Zabai, na juu yake Nehemia aliongeza neno moja: alifanya kwa bidii. Wengine wote walifanya pia, lakini kiongozi aliona kwamba huyu alizidi, naye akaandika. Imebaki imeandikwa mpaka leo. Hakumpa feza, hakumpa cheo. Alimwona.

Na wakubwa wa Tekoa? Mstari wa 5 unasema hawakuinamisha shingo zao kwa kazi. Nehemia aliandika hivyo, mstari mmoja, akaendelea. Hakuita mkutano wa kuwabembeleza, wala hakusimamisha kazi kwa ajili yao. Ukishuka hadi mstari wa 27 unawakuta Watekoi wa kawaida wanajenga sehemu ya pili! Walimaliza yao, wakachukua nyingine. Viongozi wengi tunapoteza nguvu zetu zote kwa wakubwa watatu wasiotaka, na wale wanaojenga mara mbili hatujui hata majina yao.

Kuna neno linarudi katika sura hiyo: mbele ya nyumba yake. Mstari wa 10, wa 23, wa 28, wa 29, wa 30. Watu kadhaa walijenga sehemu iliyo karibu na mlango wao. Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaire. Watu walitoka kwa sababu ya kuogopa, wengine walijificha mpaka saa ipite. Sisi hatusemi kusafisha njia ni kubaya. Lakini mtu akilazimishwa kufyeka majani asiyoyajua, kwa ajili ya mkubwa asiyemjua, anafyeka kwa macho ya askari tu. Yule anayejenga mbele ya mlango wake hahitaji msimamizi, maana adui akipita hapo ataingia kwa watoto wake. Basi ukimpa mtu kazi, jiulize: nyumba yake iko wapi katika kazi hii? Mama mwenye watoto sita katika shule ya Jumapili, mpe shule ya Jumapili. Yule muuza simenti sokoni, kwa nini umemweka kwenye protokole?

Tuendelee. Ukuta ulipofika nusu ya kimo chake, ndipo uchovu ulipoingia (4:6 na 4:10). Siku zote ni hapo. Mwanzoni kuna furaha, mwishoni kuna sherehe, lakini katikati kuna kifusi tu. Wabebaji walisema nguvu zimekwisha. Sanbalati na Tobia walikuwa wanacheka nje, lakini neno hili lilitoka ndani, kwa Yuda. Nehemia hakuwaita wavivu. Aliwapanga watu kwa jamaa zao, akagawa kazi upya, wengine kujenga na wengine kushika mikuki, akaweka mpiga tarumbeta karibu naye ili aliye mbali ajue hayuko peke yake. Ninyi mnaokaa Goma mnajua chukudu lenye mzigo likifika kwenye mlima. Mwenye chukudu hapigiwi kelele, anatafutiwa mtu wa kusukuma nyuma.

Sasa sura ya 5, na hapa tunataka kukaa, hata kama inatuuma.

Kazi ilikuwa inaendelea, na katikati kilitokea kilio kikubwa. Kilio cha watu na wake zao juu ya ndugu zao Wayahudi. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao walikuwa wanaingia utumwani. Waliowakopesha kwa riba ni wakubwa wao wenyewe, watu wa ukuta ule ule. Mchana wanajenga pamoja, jioni mmoja anahesabu deni la mwenzake. Nehemia alikasirika sana, akafikiri kwanza moyoni, kisha akawagombeza wakubwa mbele ya kusanyiko. Lakini soma mstari wa 10 polepole. Anasema kwamba yeye mwenyewe pia, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa wanakopesha feza na nafaka. Tuache riba hii, sisi sote. Alijiweka ndani.

Wapendwa, na sisi tunajiweka ndani. Wakati tulipokuwa tunajenga nyumba ya Mungu, tulikuwa na shemasi mmoja, mwashi, aliyetoa siku zake za Jumamosi miezi saba bila kupokea hata franka mia moja. Kuta zilipofika kwenye madirisha, mifuko mitano ya simenti haikuonekana. Sisi tulimwuliza mbele ya komite, na namna tulivyomwuliza ilikuwa tayari hukumu. Hakujibu. Jumapili iliyofuata tulishukuru wageni waliotoa manjanja, tukawapigia makofi, na jina lake hatukulitaja. Hakurudi. Na baada yake hawakurudi wale vijana aliokuwa anawafundisha kazi. Tukahubiri wiki tatu juu ya watu wanaoshika jembe na kutazama nyuma.

Baadaye mama mmoja mbeba mchanga alituambia kwa adabu, "Baba Mchungaji, hatujachoka kubeba. Tumechoka kubeba bila kujua." Tukafungua daftari. Ile mifuko mitano ilikuwa imepelekwa kutengeneza sakafu ya nyumba yetu, nyumba ya mchungaji. Mmoja wetu aliitoa stoo, akasema ataandika kesho, na kesho hakuandika. Tulikuwa tunaikanyaga simenti hiyo kila asubuhi tukienda kuomba.

Ndiyo sababu sasa tunaelewa kwa nini Nehemia alitaja mambo ya tumbo na ya mashamba alipozungumza juu ya ukuta (5:14 hadi 18). Miaka 12 hakula posho ya liwali. Hakununua shamba. Alilisha watu 150 mezani pake. Watu hawakuwa na haja ya kuuliza simenti imeenda wapi.

Tuseme na hili, kwa haraka: kujitolea ni kwa yule anayejitolea. Fundi uliyemwita na kupatana naye bei, mlipe. Yesu alisema juu ya ujira wa mfanya kazi katika Luka 10:7. Kumwambia seremala mwenye watoto nyumbani "hii ni kazi ya Mungu, Mungu atakulipa" ni kumtumia Mungu kama pazia la deni letu. Na wanaojitolea, wapikieni. Sahani ya fufu na sombe saa sita inazungumza kuliko matangazo yetu.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52 (6:15). Wetu bado. Tulienda kwa yule shemasi, si kumwita ofisini, tulikwenda nyumbani kwake, wazee wawili na mchungaji. Alitusikiliza, akatupa viti, mke wake akaleta chai. Tulisema kosa letu bila "lakini". Jumapili iliyofuata tulilisema tena mbele ya kanisa lote, maana tulimhukumu mbele ya watu. Feza ya mifuko mitano tulirudisha. Yeye amerudi kuomba pamoja nasi, ila katika ujenzi hajarudi, na hatumsukumi. Daftari la ujenzi sasa linasomwa mbele ya kanisa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi: kilichoingia, kilichotoka, na majina ya waliofanya kazi, wakubwa na wadogo, na wale mabinti wanaoleta maji.

Tuombe. Bwana, wewe unawajua kwa majina wale tuliowachosha. Utupe miguu ya kwenda kwao wiki hii, kabla ya kuwatafuta wafanya kazi wapya. Katika jina la Yesu. Amina.