Shule maalumu ipi inamfaa mtoto wako?

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu, Mombasa



Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: kati ya shule maalumu za umma, ipi iliyo bora? Ningependa kuwatajia moja, lakini shule hizi hazifanyi kazi moja. Hapa kwetu, Ziwani ni shule ya watoto viziwi. Likoni kuna shule ya wasioona. Port Reitz inahudumia wenye ulemavu wa viungo. Kuuliza ipi bora kati ya hizo ni sawa na kuuliza bora ni miwani au magongo. Lazima kwanza tujue anayehitaji ni nani.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni tathmini ya kielimu. Wizara ya Elimu ina vituo vya kazi hiyo, vinavyojulikana kama EARC, na vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984. Wazazi wengi huenda hospitalini, mtoto akapimwa na daktari, wakamsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha wakadhani wamemaliza. Usajili huo ni muhimu, lakini daktari anaeleza hali ya mwili. Afisa wa EARC anaeleza mtoto anajifunza vipi, na anapendekeza mahali panapomfaa.

Mahali hapo panaweza kuwa pa aina tatu. Kuna shule maalumu, ambayo mara nyingi ina bweni. Kuna kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida. Na kuna darasa la kawaida lenyewe, mtoto akisaidiwa humo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyoafikiana na maslahi yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mizani yetu.

Shule maalumu ina faida ya walimu waliosomea kazi hiyo, vifaa, na wenzake mtoto walio kama yeye. Hasara yake ni umbali na nyumbani. Kitengo kinamwezesha mtoto kulala kwao na kwenda shule na ndugu zake. Lakini katika vitengo vingine, mwalimu mmoja ana watoto wa umri tofauti na ulemavu tofauti chumba kimoja.

Chukua mtoto kiziwi wa miaka mitano. Nyumbani hakuna anayejua lugha ya ishara. Akipelekwa kitengo cha jirani ambako pia hakuna anayeijua, atakaa kimya, na mwisho ataitwa mzito wa kuelewa. Akili yake ni nzima, ila hajapewa lugha. Kwake yeye, shule ya viziwi iliyo mbali yaweza kuwa afadhali kuliko kitengo kilicho mlangoni. Lakini mtoto anayeona kwa shida tu, darasa la kawaida lenye maandishi makubwa na kiti cha mbele laweza kumtosha. Huyo hana haja ya kuvushwa feri na kulala mbali na mama yake.

Mkishapata pendekezo, tembeleeni shule, tena siku ya masomo. Ulizeni haya:

Walimu wangapi wamesomea elimu maalumu? Kama ni shule ya viziwi, je, mpishi na mlinzi pia wanajua ishara? Kama ni ya wasioona, kila mtoto anapata karatasi na mashine ya Breili, au wanapokezana? Kiti cha magurudumu kinafika chooni? Usiku bwenini, mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi? Mtoto akiumizwa, anamwambia nani? Mzazi anaruhusiwa kumtembelea lini?

Kuhusu fedha, elimu ya msingi katika shule ya umma haina karo, lakini bweni lina gharama. Itisha orodha ya malipo kwa maandishi kabla ya kukubali.

Msisahau kuuliza mtoto anaelekea wapi. Mtaala wa sasa una njia mbili. Wapo wanaopanda gredi kama watoto wengine, na hao hufanya mitihani iliyorekebishwa, kwa mfano ya Breili. Wapo wanaosoma kwa hatua, kuanzia msingi hadi mafunzo ya ufundi. Mwalimu mkuu akueleze mtoto wako yuko njia gani na kwa nini.

Elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia chekechea, vyuo vya ufundi na hospitali zake. Kwa hivyo mwalimu wa chekechea ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kuona kwamba mtoto hasikii au haoni vizuri. Akikuita kuzungumza nawe, usikasirike. Msikilize.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Bado kuna watoto wanaofungiwa vyumbani mgeni akija. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mwanawe shule, na haikumbagua mwenye ulemavu. Lakini tusingoje sheria. Mwaka anaoupoteza mtoto wa miaka minne hautarudi akifika kumi na minne.

Kama kuna mtoto kama huyo nyumbani kwako au kwa jirani, wiki hii nenda kwa chifu, kwa mwalimu wa chekechea au kwa afisi ya elimu ya kaunti ndogo, uelekezwe kituo cha EARC. Tathmini itangulie, shule tutailinganisha baadaye.