Kumfikisha Mgonjwa Nyumbani kwa Salama



Kumzuru mgonjwa ni haki aliyonayo Muislamu juu ya nduguye, na haki hiyo watu huitimiza vyema. Ama siku mgonjwa aambiwapo aende zake nyumbani, mara nyingi huonekana peke yake langoni mwa hospitali akitafuta bodaboda. Watu hudhani hatari imekwisha. Kumbe ingali njiani.

Mfano ni mtu atokaye Jinja kwenda Kampala, mwendo wa kilomita 80 hivi, kutazamwa tumbo kwa mpira wenye taa, akapewa dawa ya kumtuliza. Huamka, huzungumza, huvaa viatu vyake, na kila amwonaye humdhania mzima. Lakini dawa haijamtoka. Hupunguza wepesi wa mwili, tena huweza kufuta kumbukumbu: mgonjwa huitikia kila neno la daktari, na akifika nyumbani pengine hakumbuki hata moja. Juu ya bodaboda aweza kusinzia akaanguka. Ndani ya basi aweza kupitishwa kituo chake, au kuibiwa.

Kwa hiyo yafaa mtu mzima wa kumchukua ajulikane kabla ya siku ya miadi. Msindikizaji huyo na ayasikie maagizo mwenyewe na kuyaandika: dawa gani, saa ngapi, siku gani ya kurudi, na nambari ya simu ya kuuliza. Amkalishe garini, amfunge mkanda, amfikishe hata ndani ya nyumba, wala asimwache njia panda.

Usiku ule mgonjwa asilale peke yake. Kwa muda wa saa 24 asiendeshe chombo, asipike penye moto, asiachiwe mtoto mchanga, wala asitie sahihi hati ya kuuza au kununua. Wageni nao wangoje kesho. Akitapika, alazwe ubavu. Akipumua kwa taabu, akitoka damu, akishikwa na maumivu makali ya tumbo, au akiwa haamshiki, arudishwe hospitali upesi, hata ikiwa usiku wa manane.

Jamaa ipatayo watu wa kuchimba kaburi saa yoyote haishindwi kupata watu wa kumrudisha aliye hai kwa watoto wake. Yatosha kuandika majina machache msikitini, kwa zamu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wote. Amin. Wabillahi tawfiq.